Ghuba ya Chwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jiografia na uvuvi wake

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, wageni, na mara nyingi na watu wa mjini Unguja ambao wamekula samaki wa Chwaka tangu utoto bila kuyaona maji anakotoka. Majibu hayakugawanywa kwa usawa, kwa kuwa baadhi ya mambo yanahitaji maelezo marefu na mengine yanatosha kwa sentensi mbili.

Ghuba ya Chwaka iko wapi?

Iko upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, mwendo wa takriban kilomita 30 kwa barabara kutoka mjini. Ndiyo ghuba kubwa kuliko zote upande huo wa kisiwa. Kijiji cha Chwaka, kilichoipa jina, kipo kwenye ufuko wake wa magharibi. Ukielekea kaskazini unakutana na Marumbi, Uroa na hatimaye Pongwe, na ukielekea kusini kwa kuizunguka mikoko unafika Charawe na Ukongoroni. Upande wa mashariki ghuba imekingwa na rasi ndefu ya Michamvi, ambayo kwa nje inatazamana na bahari kuu na kwa ndani inatazamana na Chwaka. Ndiyo sababu mtu aliyesimama Michamvi Kae, upande wa ndani wa rasi, huliona jua likizama majini, jambo ambalo ni adimu kwa aliyepo pwani ya mashariki. Kwa barabara, kutoka Chwaka hadi Michamvi ni safari ya kuzunguka msitu wa Jozani. Kwa chombo ni kuvuka tu.

Kwa nini ukubwa wake hutajwa kwa tarakimu zinazotofautiana sana?

Kwa sababu ghuba yenyewe hubadilika ukubwa mara nne kila siku. Maji ya bamvua, yaani ya siku za kujaa na kupwa sana, yanapojaa, eneo lililofunikwa hufikia takriban kilomita za mraba 50, na yanapokupwa hubaki takriban 20 tu. Sehemu kubwa kuliko nusu, basi, ni bahari kwa saa chache na ni uwanja wa mchanga, tope na majani kwa saa nyingine. Kina chake cha wastani ni mita tatu na kidogo, wakati tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika siku za bamvua huzidi mita tatu pia. Anayezisoma namba hizo mbili kwa pamoja ataelewa kwa nini hapa hakuna bandari ya vyombo vikubwa, kwa nini pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, bado ni chombo cha kazi, na kwa nini mvuvi wa Chwaka hatazami saa ya ukutani kabla ya kutazama mwezi.

Bamvua na maji mafu ni nini, na vinahusianaje na kazi ya mvuvi?

Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana, nazo huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari hujaa kidogo na kukupwa kidogo, na tofauti yake huweza kushuka hadi chini ya mita moja. Wavuvi huzihesabu siku hizi kwa kalenda ya mwezi mwandamo, na hesabu yao ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulishangaa na wenyeji hawaoni hata haja ya kulieleza. Katika pwani hii, maji ya bamvua hukauka kabisa karibu wakati ule ule kila mara, yaani kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tena usiku kwenye saa hizo hizo. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hadi yakifika maji mafu ukavu huangukia jioni na alfajiri. Shughuli nzima ya ghuba imepangwa juu ya utaratibu huo. Wanaookota pweza na kombe kwa miguu, na wanaolima mwani, hufanya kazi zao katika asubuhi za bamvua. Wenye madema, yaani mitego ya kufumwa, huondoka na maji yanayotoka na kurudi na maji yanayoingia, kwa sababu aliyechelewa atakiacha chombo chake juu ya mchanga na kuusubiri mkondo unaofuata. Siku za maji mafu si siku za kupumzika kwa kila mtu, lakini wengi huzitumia kufuma madema na kurekebisha nyavu.

Je, kuna mto unaomwaga maji ndani ya ghuba?

Hakuna, na hili ni la msingi katika kuielewa. Mashariki ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe ya kale, yenye udongo mchache na mashimo mengi, kwa hiyo mvua ikinyesha huzama badala ya kutiririka juu ya ardhi. Maji baridi huifikia ghuba kwa kupenya chini ya mawe, na kwa mvua inayoiangukia moja kwa moja. Yale yanayoitwa vijito, kama vile Mapopwe, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni mikono ya bahari inayoingia ndani ya mikoko na kutoka kufuatana na mkondo. Wakati wa kiangazi, mvuke ukizidi na mvua zikikosekana, chumvi katika sehemu za ndani hupanda kupita ile ya bahari ya nje.

Kukosa mto kuna faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna tope la mto linaloyatia maji giza, hivyo jua hufika chini na majani ya baharini humea kwa wingi. Hasara ni kwamba hakuna rutuba kubwa inayoletwa kutoka bara. Ghuba hujilisha yenyewe, kwa majani ya mikoko yanayooza, kwa nyasi zake na kwa kile kinachopenya chini ya ardhi. Kinachoharibiwa hakirudishwi na mto wowote.

Nyasi bahari ni nini, na zinatofautianaje na mwani?

Wengi huviita vyote viwili majani au mwani tu, na kwa mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwa maana halisi, mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, ilhali nyasi bahari ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, ambayo wahenga wake waliota nchi kavu kabla ya kurudi majini. Ghuba ya Chwaka ina aina 11 za nyasi hizo. Baadhi ni fupi na nyembamba kama nyuzi. Nyingine zina majani marefu kama mkanda, yanayolala juu ya maji yakikupwa. Pembeni yake humea aina za mwani wenye chokaa, ambao ukifa huvunjika vipande vyeupe, na sehemu ya mchanga mweupe unaosifiwa na wageni imetokana na mabaki hayo.

Kwa maoni ya mwandishi, hiki ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote katika habari za ghuba hii. Matumbawe yana wapiga picha wake, mikoko ina siku zake za kupandwa mbele ya viongozi, lakini nyasi hazina msemaji, kwa kuwa juu ya maji hazionekani na yakikupwa zinafanana na uchafu. Hata baadhi ya wenye hoteli huzifagia ufukweni kama takataka. Mvuvi wa dema, kinyume chake, hulitafuta hasa pori la nyasi aweke mtego wake pembeni, kwa sababu anajua kwamba samaki aitwaye tafi hula humo, samaki wadogo hujificha humo, na kaa na kamba huzaliana humo. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe na mkondo. Mtu akiuliza utajiri wa Chwaka uko wapi, jibu liko hapa kwanza.

Mikoko ina kazi gani katika uvuvi?

Upande wa kusini wa ghuba umefunikwa na msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika kisiwa cha Unguja. Wenyeji hutofautisha miti yake kwa majina: mkoko wenye mizizi inayoning'inia kama miguu, mkandaa, msinzi, mchu unaovumilia chumvi nyingi, na mlilana unaosimama mbele kabisa baharini. Watoto wa samaki wa aina kadhaa hukua kati ya mizizi hiyo, kisha huhamia kwenye nyasi, na wakikomaa hutoka hadi kwenye mwamba wa matumbawe ulio nje. Kwa hiyo changu anayevuliwa nje ya ghuba huenda alilelewa ndani yake, na anayekata mkandaa Charawe anagusa kitoweo cha mtu wa Uroa bila wote wawili kujua. Kaa wakubwa wa tope huchimba mashimo yao humo humo, na hutegwa kwa fimbo ndefu yenye ndoano.

Ukataji si jambo la leo. Nguzo, boriti, fito, kuni na moto wa matanuri ya chokaa vyote vilitoka katika miti hii kwa vizazi vingi, na haikuwa dhambi. Nyumba za pwani zisingejengwa bila hiyo. Tatizo lilikuja mahitaji ya mjini yalipozidi kasi ya miti kukua.

Ni samaki gani wanaovuliwa zaidi?

Tafi ndiye mwenye jina hapa, na hakuna mnada unaopita bila yeye. Baada yake huja changu wa aina mbalimbali, pono, chaa, mkundaji, na kolekole wanaoingia na maji. Pweza ana soko lake mwenyewe, hasa hotelini. Ngisi na kaa huongeza kipato. Samaki wa maji makuu, kama vile jodari na nguru, hawakai ndani ya ghuba. Hao hufuatwa nje ya mwamba na wenye vyombo vya kuhimili mawimbi.

Ni zana zipi zinazotumika, na kwa nini zimezua ugomvi?

Zana kongwe na inayoheshimiwa zaidi ni dema, mtego uliofumwa kwa vipande vyembamba vya mianzi au miti, wenye macho yaliyopangwa kwa ustadi na mlango unaomwingiza samaki asiweze kutoka. Hutiwa chambo, mara nyingi mwani laini anaoupenda tafi, hulazwa chini pamoja na mawe, na hukaguliwa baada ya siku moja au zaidi. Mwenye dema hahitaji mafuta wala mtaji mkubwa. Anachohitaji ni kumbukumbu ya mahali, kwa kuwa wengi hulaza mitego yao bila boya lolote juu ya maji, kwa kuogopa wezi, na huipata tena kwa kulinganisha mnazi fulani na paa fulani la nchi kavu. Zipo pia mishipi, nyavu za kutega, uzio unaosimamishwa kwenye mchanga ili samaki wakwame maji yakitoka, na mikuki ya wapiga mbizi.

Juya la kukokota, yaani wavu wa kuburuta, ni jambo jingine. Huvutwa chini na watu kadhaa, mara nyingi vijana, likikusanya kila kilichomo: tafi mkubwa, mtoto wa changu ambaye hajafikia urefu wa kidole, mizizi ya nyasi, na dema la mzee aliyelilaza jana. Ndani ya ghuba ndogo kama hii, ambapo kila kipande cha sakafu kina mtu anayekitegemea, haikuwezekana mambo hayo mawili yakae pamoja kwa amani. Katika miaka ya 1990 mivutano kati ya wenye madema na wenye majuya ilifikia hatua ya vijiji jirani kuhasimiana waziwazi.

Ni rahisi kwa aliye mbali kumlaumu mwenye juya. Lakini kijana asiye na chombo wala urithi wa ufundi wa kufuma madema hupata humo kazi ya siku hiyo hiyo, akiwa mmoja wa wavutaji, na hupata fungu lake jioni. Sheria ikimnyang'anya wavu bila kumpa njia nyingine, atarudi usiku. Hilo halilifanyi juya kuwa jema. Linaeleza tu kwa nini limedumu licha ya kupigwa marufuku, kama zilivyopigwa marufuku sumu ya utupa na baruti.

Misimu ya upepo inabadilisha nini?

Inabadilisha mahali pa kuvua. Kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huichafua bahari ya nje, na mawimbi hupasuka juu ya mwamba kiasi kwamba ngalawa haiwezi kutoka kwa usalama. Wavuvi wengi basi hubaki ndani, wakikingwa na rasi ya Michamvi, na ghuba hubeba mzigo wote. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huwaruhusu kutoka hadi nje ya mwamba, na maleleji katikati ya misimu hiyo ndiyo siku tulivu kuliko zote. Huu pia ni wakati wa dago, desturi ya wavuvi kuhama na kupiga kambi ufuko mwingine kwa wiki au miezi. Watu wa Kojani, kisiwani Pemba, wanajulikana kwa desturi hiyo pwani nzima. Wageni wa dago hupokelewa kwa idhini ya wenyeji, nao huheshimiwa kwa ujuzi wao, ingawa si kila anayewapokea hufurahia nyavu zao.

Samaki akishafikishwa nchi kavu, nini hufuata?

Hupelekwa dikoni, yaani mahali vyombo vinapotua, na kunadiwa. Dalali huyapanga mafungu, hutaja bei ya kuanzia, na wachuuzi hupandishana kwa sauti au kwa ishara ndogo ambazo mgeni hazioni. Mnada huisha haraka kwa kuwa barafu ni ghali na jua halingoji. Wachuuzi wa baiskeli na pikipiki huelekea vijijini, wenye mizigo mikubwa huelekea soko la Darajani mjini, na wanunuzi wa hoteli huchagua mapema pweza na samaki wakubwa. Samaki wadogo huchukuliwa na wanawake wanaokaanga na kuuza jioni.

Mgawo wa fedha una kanuni yake. Gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu na la watu. Mwenye chombo ambaye hakwenda baharini bado hupata fungu, na ndiyo maana mvuvi asiyemiliki kitu chochote anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kununua hata ngalawa. Wengi hukopeshwa nyavu na mchuuzi kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake. Mkopo huo ni msaada siku ya shida, na ni kamba shingoni siku ya mavuno.

Wanawake wana nafasi gani katika uchumi wa ghuba?

Kubwa kuliko inavyoandikwa. Kabla ya kuja kwa mwani, wanawake waliokota kombe, chaza na pweza kwa miguu, na kutanda dagaa kwa nguo pembezoni mwa maji. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuzwa nje kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 na kikaenea hadi ghubani. Mkulima hupiga vigingi viwili kwenye mchanga, hufunga kamba katikati yake, na kuning'iniza vipande vya mwani vinavyovunwa baada ya takriban wiki sita. Ukishakauka huuzwa kwa makampuni, husafirishwa nje, na hutolewa kitu kinachogandisha na kuzidisha uzito katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi.

Aina mbili ndizo zinazolimwa. Kotonii ina bei nzuri lakini haivumilii joto. Spinosamu ni ngumu zaidi na bei yake ni ya chini. Katika maji mafupi ya asubuhi za bamvua joto hupanda upesi, kotonii hupauka, hulegea na kukatika, na kwa miaka mingi sasa wakulima wengi wa pwani hii wamebaki na spinosamu peke yake. Tafi naye huula mwani uliopandwa kwa furaha ile ile anayoula ule wa porini. Pamoja na hayo yote, fedha za mwani zilikuwa za kwanza kwa wanawake wengi kuzishika kwa mikono yao wenyewe, na zilijenga nyumba na kulipa ada za shule. Walioacha kazi hiyo huitaja kwanza bei, kisha mgongo.

Nani anaisimamia ghuba?

Msitu wa Jozani na sehemu ya mikoko viliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, na mwaka 2016 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Humo ndimo anamoishi kima punju, ambaye naye huingia katika mikoko kula majani. Upande wa bahari, uvuvi husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010, kupitia wizara inayohusika na uchumi wa buluu, pamoja na kamati za wavuvi za shehia. Kamati hizo ndizo zinazofanya kazi ya kila siku: kupokea wageni wa dago, kusuluhisha waliokatiana nyavu, na kutoa taarifa ya juya lililoonekana usiku. Mjumbe wa kamati, hata hivyo, mara nyingi anamripoti mtoto wa ndugu yake, na boti ya doria ikikosa mafuta anabaki na macho tu.

Anayetaka kuiona ghuba aende lini?

Aende siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu, na awe ufukweni Chwaka ifikapo saa mbili asubuhi. Ataona vyombo vikitoka na mkondo wa mwisho, kisha uwanja mzima ukifunuka polepole, na wanawake wakienda mbali hadi kuwa vitone. Avae viatu, kwa sababu ya miiba ya shokowanda na kingo za chaza, na aombe mwenyeji amwongoze. Ikifika saa sita aanze kurudi, kwani maji hayaingii kwa wimbi linaloonekana. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya mtu.